Maua ya Shufwa

Yalikuwa manne. Nedyalka aliyahesabu tena, akitumaini amekosea, kisha akajikuta ameketi kwenye udongo mbichi.

Dalia nne nyekundu, zimekatwa vizuri, zimetiwa kwenye kikombe cha bati katikati ya tuta la bustani. Wiki iliyopita yalikuwa mawili, akajifariji kwamba imetokea tu.

Kwao, aliye hai hupewa maua ya witiri: moja, matatu, matano. Ya shufwa ni ya maiti. Hata mlevi anayekwenda kuposa huyahesabu kabla ya kubisha hodi.

Bustani ilikuwa ya mumewe, Kiril, nje ya mji, kando ya mto. Kwa miaka mingi alishinda huko peke yake, tangu theluji inapoyeyuka hadi inapoanguka tena. Nedyalka alikuwa na duka lake la nyuzi mjini, na pumu isiyopatana na maua. Kiril alipofariki mwezi wa nne, mjane aliona aibu kuiacha bustani ife naye. Akaanza kuja kila alasiri, kitambaa cheusi kichwani, kuimwagilia.

Cha ajabu, haikuwa na dalili ya kufa. Agosti ilikuwa ukingoni, bustani za majirani zimekauka, yake inawaka: dalia, zinia, asta, nyekundu na njano na zambarau. Mtu alikuwa akiingia. Kila alipofika alikuta maua yaliyonyauka yamekatwa na udongo umeshaloa. Na kufuli la lango halikuwa na hata mkwaruzo.

Alimwendea Gina, jirani wa bustani ya pili, aliyekuwa akichoma pilipili hoho kwenye moto wa kuni, akiba ya majira ya baridi.

“Shoga, kuna mtu ananitakia kifo.”

“Nani ahangaike na wewe?” Gina hakuinua macho. “Ua likinyauka ukaliacha, mmea unajiona umemaliza kazi. Ukilikata, unachanua tena. Huyo adui yako anakulimia bure. Akimaliza, mtume na kwangu.”

“Na maua manne kwenye kikombe? Nayo ni kilimo?”

Koleo likamponyoka Gina, pilipili ikaangukia majivuni. “Labda ni mchumba asiyejua kuhesabu,” alisema, lakini hakucheka. “Nisikilize, Nedyalka. Wewe njoo alasiri, kama kawaida yako. Asubuhi usije. Tena ukipata mnunuzi, uza, ukapumzike.”

“Unamjua!”

“Ninachojua mimi ni kwamba pilipili zangu zinaungua.”

Basi hofu ikapata jina: Delcho, shemeji yake. Udongo wa kaburi haujakauka, Delcho alikuwa ameshasema ardhi ya baba yao haifai kubaki kwa mwanamke mgonjwa. Ufunguo alikuwa nao. Na kama hata Gina, mwenye mdomo ule, anaogopa kumtaja, basi mambo yalikuwa makubwa.

Tangu siku hiyo Nedyalka hakula kitu asichokipika mwenyewe. Alisukuma kabati mlangoni kabla ya kulala. Akisikia hatua kwenye ngazi za jengo lao, pumzi inambana, anabaki ameshika ukuta mpaka hatua zipite.

Alasiri moja akakuta maua sita. Alilia kwa sauti, peke yake, kama mtoto. Aliogopa kufa, lakini kule kungoja kufa kulimtisha zaidi. Akaamua atamwona huyo mtu kwa macho yake.

Asubuhi iliyofuata alipanda basi la kwanza, akajibanza ndani ya kibanda cha zana, mlango wazi kidogo, jembe mkononi. Ukungu ulikuwa bado umelala mtoni. Kufuli likalia, lango likafunguka.

Hakuwa Delcho. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, amevaa aproni ya kijani. Alimwagilia mashinani bila kulowesha majani. Akatoa mkasi, akapunguza yaliyonyauka, akiyasemesha maua kwa sauti ya chini. Kisha akakata dalia zilizo bora na kuzihesabu, midomo ikicheza. Zilikuwa tisa. Moja akaitia mfukoni, nane akazipanga kwenye kikombe, akapiga ishara ya msalaba.

Nedyalka akachomoka na jembe juu.

“Nani kakutuma? Ni Delcho? Nimewakosea nini nyinyi?”

Mkasi ukamponyoka mwanamke yule. Alishika kifua, akatazama jembe, akatazama kitambaa cheusi, na uso wake ukalainika.

“Uuwi, umeniua nusu! Delcho namsikia tu kwa jina. Bila shaka wewe ndiye dada yao. Pole sana, mwenzangu. Mimi Slavka, wa ng’ambo ya mto. Sijui kama Kiril alikwambia, tulikuwa tufunge ndoa mwezi wa kumi.”

Jembe lilishuka lenyewe. Nedyalka alitafuta pumzi, akapata ya kusema neno moja tu.

“Maua?”

“Ni ya wifi yako, marehemu Nedyalka,” Slavka alisema, akijifuta macho kwa aproni. “Tangu amzike, kaka yako hakukosa kumwekea hapa kila mwisho wa kiangazi. Nami nikaona nisimkatishe.”