Maharage Yaliyokataa

Chungu cha Mwanahawa kilitokota tangu asubuhi, lakini maharage yalibaki magumu kama kokoto. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwapikia wakwe zake katika mji huu wa mlimani.

Sekela, wifi yake, ndiye aliyemwambia asiyaloweke. Jana yake alikuwa akimsuka Mwanahawa nywele, akimwita "pacha wangu". "Ya huku laini, wifi. Bandika asubuhi tu."

Wakati wa kula, baba mkwe alitafuna, punje zikasikika zikivunjika menoni. "Niongeze, mwanangu," alisema.

Mama mkwe aliisukuma sahani yake. "Huku juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kuivisha. Maharage hulowekwa usiku kucha, na mfuniko huwekewa jiwe. Hukuambiwa?"

Kabla Mwanahawa hajajibu, Sekela aliingia na chungu chake, maharage yameiva hadi kupondeka.

"Nilijua yatamkatalia," aliwaambia wazazi wake, akicheka kidogo. Akachota upawa mmoja, akamgeukia Mwanahawa. "Lete sahani, pacha wangu, ule."

Mwanahawa aliishika sahani kwa mikono miwili. Mvuke ulimpanda usoni, na mikono yake haikwenda mbele wala haikurudi nyuma.