Saa ya Mama

"Sokoni saa zimejaa kama nyanya, Injinia. Hiyo yako itaiva lini?" jirani aliuliza siku moja, ameegemea dirisha.

Injinia hakucheka. Alieleza bila kugeuka kwamba hii si saa ya ukutani. Ni programu: saa ya duara, yenye mishale na namba kubwa, itakayokaa kwenye kioo cha kompyuta ili mama yake aione hata akiwa kitandani. Mama anasahau sana siku hizi. Hajui kama dawa amekunywa leo au jana.

Mama mwenyewe alikuwa hapo hapo, anachambua maharage. Alitabasamu.

"Ni uzee, jirani. Kichwa kimekuwa chujio."

Jirani akaenda zake, Injinia akarudi kwenye kompyuta.

Habari ya saa ilianzia kliniki. Walikwenda watatu: mama, Injinia na mkewe. Daktari aliuliza maswali ya kitoto, leo siku gani, hapa ni wapi, kisha akasukuma karatasi na penseli mezani, akaomba achorewe saa tano na dakika kumi. Injinia aliifunika karatasi kwa kiganja. Alisema penseli ni ya darasa la kwanza. Yeye ana miaka ishirini kwenye kompyuta, atatengeneza saa inayotembea. Daktari alimtazama mke, mke akatazama sakafu. Haya, daktari akasema, atapita nyumbani Ijumaa ya mwisho wa mwezi aione. Siku hiyo ndipo itakapoamuliwa kama mgonjwa abaki, au apelekwe kwenye nyumba ya matunzo, mji wa pili, ambako ndugu huruhusiwa kuingia Jumapili tu.

Kwa hiyo ile saa haikuwa mchezo.

Tabu ni kwamba ilikataa. Kazi kama hiyo Injinia alikuwa akiwapa wanafunzi wake siku ya kwanza, nao wakaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Duara ni nyuzi mia tatu na sitini. Gawa kwa kumi na mbili, kila namba ikae nyuzi thelathini kutoka kwa mwenzake. Jambo la kukumbuka ni moja, kwamba kompyuta huanza kuhesabu duara upande wa kulia, si juu, hivyo unairudisha nyuma robo. Aliwaambia hivyo miaka yote. Sasa namba zilimkimbia. Akizipanga, zinarundikana. Alilaumu kompyuta, akalaumu umeme, akamlaumu mama kwamba anamkatiza kila dakika kwa kuuliza saa.

Mama hakubisha.

Hakubisha hata siku mkwe wake alipokuta jiko linawaka na sufuria imekuwa nyeusi kama lami. Injinia alisema ni mama. Naye mama akajibu, "Labda ni mimi, mwanangu." Ufunguo ulipopatikana ndani ya kopo la unga, ni mama tena. Bomba lilipoachwa wazi hadi maji yakaingia sebuleni, ni mama. Mkwe alirudi kutoka kazini jioni, amechoka, akapiga deki. Kesho yake akabandika karatasi milangoni kwa herufi kubwa: CHOO. JIKO. USITOKE PEKE YAKO.

Kila usiku kabla ya kulala mama alipiga magoti. Ombi lake lilikuwa moja, Mungu asimtenganishe na mwanawe.

Alhamisi, wakianua nguo, mkwe alilia.

"Mama, nimeshindwa. Kazi siwezi kuacha, na mchana hakuna wa kukaa hapa mwenye nguvu."

"Najua, binti yangu," mama alisema, akiendelea kukunja shuka. "Hakuna anayekulaumu."

Daktari alifika Ijumaa asubuhi. Injinia alimpokea kwa furaha, akamshika mama mkono, akamkalisha mbele ya kompyuta. Saa ilikuwepo. Mishale ilikuwa inatembea. Lakini namba zote kumi na mbili zilikuwa zimebanana upande wa kulia, kama watu waliokimbilia kibaraza kimoja mvua ilipowakuta. Upande wa kushoto palikuwa peupe.

"Soma, mama. Mwambie daktari ni saa ngapi."

Mama alikitazama kioo kwa muda. Kisha akatupa jicho dirishani, kwenye kivuli cha ukuta.

"Saa nne na robo, mwanangu. Naiona vizuri kabisa."

Daktari aliangalia saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa nne na robo kweli. Aliandika maneno mawili matatu, akafunga daftari.

"Si mmeona?" Injinia alisema. "Anasoma mwenyewe. Hakuna haja ya kumpeleka mtu popote."

"Umefanya kazi kubwa," daktari alijibu taratibu. "Gari liko nje."

Mkwe alikuwa ameshafika mlangoni na begi. Injinia aliliona, mabega yakamshuka. Alimkumbatia mama kwa nguvu, akamwambia asiogope, huko ni pazuri, na Jumapili hata moja haitapita bila wao kuonana.

"Haitapita," mama alisema.

Kisha akachuchumaa kwa shida, akamvika mwanawe viatu, cha kulia halafu cha kushoto, akamfungia kamba zake. Injinia akampa daktari mkono, akaongozwa hadi kwenye gari. Gari likaondoka naye, mama akabaki mlangoni.