Sauti ya Kamanda

Wembe uliteleza, ukamkata kidole, na damu ikadondokea kwenye sauti ya Kamanda. Mama Kanda aliifuta kanda kwa upindo wa gauni, akamshukuru Mungu kwamba haikulichafua neno alilolitaka.

Alikuwa amejifungia studio tangu asubuhi. Jioni ile mumewe, Nyundo, angenyongwa.

Nchi ilikuwa na sheria moja ya ajabu. Wakati wa mapinduzi maadui walighushi barua nyingi za Kamanda, hata vikosi vyake vikapigana vyenyewe kwa vyenyewe. Basi ikaamuliwa kwamba karatasi si amri. Amri ni ile inayosikika redioni, kwa sauti ya Kamanda mwenyewe. Wazo hilo lilikuwa la Nyundo, enzi hizo yeye na Kamanda wakijifunika blanketi moja porini. Baadaye mmoja alipata ikulu, mwingine akapata pingu kwa kuuliza uchaguzi walioahidi utafanyika lini. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Kazi ya Mama Kanda pale redioni ilikuwa kumsafisha Kamanda. Alikata vikohozi, akaondoa vigugumizi, akaunga pumzi kwa pumzi, mpaka mzee aliyekuwa akitafuna maneno akasikika kama kijana wa jana. Leo hakuwa anasafisha. Alikuwa anamsemesha asichokisema.

Neno “nimemsamehe” lilimtoa jasho. Kwenye hotuba za miaka ya karibuni halikuwemo kabisa. Alilipata kwenye zile za mwaka wa kwanza, karibu na mahali Kamanda alipokuwa akisema “ndugu yangu Nyundo” huku watu wakipiga makofi. Moyo ulimuuma kuyasikia.

Juzi alikwenda gerezani kumwona mumewe. Alimkuta amebaki mifupa. Hata habari za watoto hakuuliza.

“Zile kanda za zamani hazijatupwa?” Nyundo alimuuliza kwa sauti ya chini.

“Zipo kabatini, baba watoto.”

“Siku hizi nani anajua kuzikata?”

“Mimi tu. Wenzangu wote walifukuzwa.”

“Vizuri,” alisema, akambana vidole kupitia nondo. Mama Kanda alilia njia nzima kurudi nyumbani, na kabla hajafika alikuwa ameshaelewa anachotakiwa kufanya.

Je, Kamanda akikana? Hilo alilipima sana. Akiwaambia watu kwamba sauti yake inaweza kughushiwa, kesho nani atamtii? Mkuki anaojilinda nao ungemgeukia. Angenyamaza tu.

Kabla ya taarifa ya habari ya mchana, Mama Kanda aliweka kanda kwenye mashine, akabonyeza. “Ndugu yangu Nyundo,” Kamanda aliitangazia nchi nzima, “nimemsamehe. Aachiwe leo.” Mtangazaji wa chumba cha pili alisimama wima, kama ilivyokuwa desturi kila sauti ile iliposikika. Na mkuu wa gereza, aliyeiogopa redio kuliko alivyomwogopa Mungu, alifungua lango wimbo wa taifa uliofuata amri ile ukiwa haujaisha.

Ikulu ilikaa kimya.

Mama Kanda alikaa sakafuni akisubiri waje kumkamata. Alisikia buti kwenye ujia, nyingi, zikija upande wake. Aliomba watoto wapate wa kuwalea.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Nyundo, bado na nguo za gereza, na nyuma yake walikuwa askari wale wale waliokuwa wamnyonge, sasa wamempigia saluti.

Alimrukia, akamkumbatia mpaka pumzi zikamwishia. “Twende nyumbani, baba watoto. Twende hivi sasa.”

Nyundo alimkalisha taratibu kwenye kiti chake. Aliwaambia askari wangoje nje, akafunga mlango kwa ufunguo, akamshushia kanda kutoka kabatini.

“Kata nyingine,” alisema. “Kamanda amechoka. Leo anapumzika, nchi ananiachia mimi.”

“Na uchaguzi?”

“Utafanyika tu. Kata.”

Alimtazama usoni, uso alioulilia miaka yote ile, kisha akashika wembe. Nyundo aliinama, akambusu kwenye paji la uso.

“Ukimaliza hiyo, mke wangu, nikatie na ya pili, fupi tu. Kamanda ananipa pole kwa kufiwa na mke.”