Sindano ya Msimu

Kila Desemba madereva wa vifurushi hudungwa sindano ya kuwasahaulisha kwao, ili mtu asikatize safari kupitia nyumbani. Januari hudungwa nyingine, wakakumbuka.

Mwaka huo Ndeshi, mke wa dereva Elinami, alishindwa kuvumilia. Akaagiza kanga, akijua gari la mtaa wao huendeshwa na mumewe. Akapika ndizi nyama, akamvalisha binti yao Aikande gauni jipya, wakangoja.

Elinami alibisha hodi mkesha wa Krismasi. Alikuwa amekonda, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Dada, mzigo wako huu."

"Ingia ule kidogo, Baba Aikande."

"Asante, dada, gari bado limejaa." Akamtazama mtoto aliyemkumbatia mguu. "Binti yako mchangamfu. Mungu amkuze."

Akamtoa taratibu, akaondoka.

Januari Elinami alirudi, amekwisha kudungwa sindano ya pili. Alimwita mkewe kwa jina, akacheka, akala akashiba. Aikande alipokwenda kunawa, akamwinamia Ndeshi na kunong'ona:

"Mke wangu, huyu mtoto ni wa nani?"