Mto wa Kiti cha Rubani

Mrefu aliinama kuingia dukani, amekumbatia mto wa kiti kama aliyebeba mtoto wa watu.

"Shikamoo, Mama. Huu ndio uliopona. Nimeuokota mbali kidogo na ajali."

"Marahaba, mwanangu. Uweke hapo kaunta."

Mto ulitua kwa kishindo.

"Bado una maji," Mrefu akasema. "Si unajua ulilala kwenye matope, na mvua juu yake."

Mama Unyoya aliutazama. Aliushona mwenyewe, mnene, wa kuegemeza mgongo. Akaenda kiwanjani kuufunga kwenye kiti cha kindege, jioni moja mwanawe alipokuwa amekwenda kutafuta petroli. Mzazi mwenye mtoto anayeruka angani halali, anafumba macho tu.

Jirani akaingia, akataka kilo mbili za maharage. Mama akachota kwa kopo.

"Mizani imekufa?"

"Nzima. Mawe yake ndiyo hayapo."

"Makubwa! Basi jaza vizuri, usinipunje," jirani akasema, akaondoka na maharage yake.

Karatasi za kufungia zilikuwa zinacheza kwa upepo wa feni. Mama akazigandamiza kwa kokoto. Mrefu akakaa juu ya gunia.

"Sisi marubani wengine tunapenda mwendo," akasema. "Unyoya alipenda kupita chini chini, polepole, anajua nani kaanika shuka gani. Na alikuwa kichaa wa wepesi. Alikata hata mpini wa mswaki. Siku aliyonipakia kando yake alinivua mkanda. Nilishuka nimeshika suruali."

Mama akacheka, kisha akaacha.

"Mimi nilimwambia, kindege hiki chepesi mno, upepo utakibeba kama mfuko wa plastiki."

"Mama zetu wote wanasema hivyo. Asubuhi ile alikaa kitini akasema, 'Mama kanishonea mto, leo naruka kama waziri.'"

"Alisema hivyo?"

"Mbele yangu. Na alikuwa amejipima kama kawaida, yeye, nguo, hata chupa ya maji. Akapaa. Pua ya kindege ikainuka, ikainuka, haikurudi." Mrefu alikuna magoti. "Kile kindege, Mama, ukiongeza kilo tano tu nyuma ya rubani, basi tena. Mkia unazama. Lakini Unyoya hakubeba kitu. Wachunguzi wameandika kwamba rubani alikosea."

"Wameandika alikosea."

"Yeye! Ningekubali kama ni mimi. Ila sina la kuwajibu."

Mama alipangusa kaunta, mahali palipokuwa pasafi.

Mrefu akasimama, akaushika mto. "Kilichonileta ni ombi. Kesho tunaruka wote kumuaga. Nataka nifunge huu kwenye kiti changu, niegemee alipoegemea yeye. Hata kama haujakauka."

Mama akavuta droo, akatoa mkasi wa kukatia kamba za magunia.

"Lete hapa."

"Mama, usiukate! Ndiyo kumbukumbu yetu pekee."

"Nimesema lete."

Alikata uzi wake mwenyewe, mshono baada ya mshono, bila haraka. Akaingiza mkono katikati ya sponji. Akatoa jiwe la mizani la kilo mbili, akaliweka kaunta. Akatoa la pili. Akatoa la kilo moja.

"Niliyaweka," akasema, "upepo usimchukue."