Kufuli la Zamani

"Hutaona tofauti yoyote." Nyamizi alilisoma kwa sauti tangazo hilo la mabadiliko ya programu, kisha akaitupa simu yake juu ya meza ya fundi wa programu. "Haya, nionyeshe. Ujumbe wa mwisho wa mdogo wangu mbona haufunguki?"

Fundi huyo, Lugendo, aliitazama simu. Ujumbe wa sauti ulikuwepo, lakini kila akiugusa ulikaa kimya.

"Dada, programu yetu hufunga siri za watu kwa makufuli yanayobadilishika," alisema. "Tunachomoa moja, tunachomeka jingine, mambo yanaendelea. Ujumbe huu ulifungwa na lile la zamani. Lilikuwa dhaifu, tukalichomoa."

"Dhaifu? Sasa mbona limekushinda kulifungua?"

Mwenzake Lugendo, aliyeketi meza ya pili, akacheka. Nyamizi alimgeukia, na kicheko kikakatika.

"Kalunde tumemzika Jumanne, na hadi leo sijui alitaka kuniambia nini. Lirudishe."

"Bosi amekataza, dada. Wezi wanaweza kupitia hapo."

"Waje! Waniibie nini tena?"

Nyamizi alivuta kiti, akaketi mbele ya mlango wa kutokea. Lugendo aliutazama mlango wa bosi, akaitazama kompyuta yake, kisha akaanza kuandika. Alilichomeka kufuli la zamani kwenye simu ile moja tu.

"Tayari. Pole sana, dada."

"Pole yako kaa nayo. Tokeni."

Wakampita, wakatoka katika ofisi yao wenyewe. Nyamizi akabonyeza. Yalisikika maji yakimiminwa kwenye ndoo, kisha Kalunde akavuta pumzi, kama anayetaka kuanza kusema.