Neno la Mwisho la Kaini

Cephas alichana ukurasa wa tisa kwanza, akautia motoni peke yake. Kurasa nyingine zingeweza kungoja.

"Jaduong', hicho ni kitabu cha watoto!" Irine alisema. Alikuwa mwalimu wa Sunday school, na juzi alikuwa amempa Cephas, mzee wa kanisa, nakala moja aikague. "Nyingine kumi na tisa zimefika leo."

"Zilete hapa zote."

Irine akacheka. Kisha akaona mzee hatanii.

Kilikuwa kitabu cha katuni, Mwanzo sura ya nne. Lakini mchoraji alikuwa amewatoa Kaini na Habili shambani, akawatia ndani ya mtumbwi, ziwani. Habili alivaa jezi iliyotoboka. Kaini alishika kasia.

"Biblia inasema walikwenda uwandani," Cephas alisema. "Ziwa limetoka wapi?"

"Si ni ya watoto wetu? Ukiwachorea kondoo wa Israeli wanasinzia."

"Na maneno je? Hakuna mahali pameandikwa neno la mwisho ambalo Kaini alimwambia nduguye."

Katika picha ile Kaini alikuwa akisema: "Inama uone, nyavu zimeshika mti." Habili alikuwa ameinama. Kasia lilikuwa juu.

"Ametunga tu, Jaduong'."

"Anayeongeza neno ataongezewa mapigo. Ufunuo, sura ya mwisho."

Caren, mkewe, alipita na ufagio. "Usibishane naye, Irine. Tangu afungue hicho kitabu hata uji umemshinda. Mwanamume mzima, anaogopa katuni!"

Akaenda kufagia kaburi la Gordon, kama kila Jumamosi.

Gordon alikuwa mdogo wake Cephas, na ndiye aliyemuoa Caren kwanza. Miaka kumi na tisa iliyopita ndugu hao wawili waliingia ziwani kuvua, akarudi mmoja. Cephas alisema ni dhoruba. Mwili ulitafutwa siku nane, haukuonekana. Basi wazee wakafanya kama desturi inavyotaka kwa mtu aliyepotea. Walikata tunda la mwegea, liitwalo yago kwa Dholuo, refu, zito kama mtoto mchanga, wakalifunga shuka, wakalililia, wakalizika kwa jina la Gordon. Mwaka uliofuata Caren akawa wa Cephas.

"Mchoraji ni nani?" Cephas aliuliza.

"Anaitwa Werema. Mkuria wa Ntimaru. Wale ni watu wa ng'ombe, sidhani hata mtumbwi amewahi kuupanda."

Cephas akakaa chini, palepale kwenye majivu.

Mchoraji angekuwa mvuvi, Cephas angesema amebahatisha. Lakini mtu wa ng'ombe angejuaje? Maneno yale ya ukurasa wa tisa, hayakuongezwa wala kupunguzwa, yalisikiwa na mtu mmoja tu duniani. Huyo alikwisha kuliliwa na kuzikwa, na sasa Caren alikuwa anafagia juu yake. Basi aliyemwambia Werema ni mmoja. Ni yule yule aliyemuuliza Kaini, yuko wapi ndugu yako.

Miaka yote hiyo alikuwa ameshika Biblia madhabahuni, amebariki watoto, amezika watu, naye Mungu alikuwa amenyamaza. Kumbe alikuwa anatafuta kalamu.

Alimtazama Caren. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisa polepole, akiokota majani yaliyoanguka kaburini.

"Huyo Werema ni mtumishi wa Mungu," Cephas alisema. "Nataka nipige magoti mbele yake. Nina neno la kumwambia kabla sijafa. Atafutwe."

"Kumbe sijakuambia? Nimekuja naye kutoka Migori. Yuko pale langoni. Nimemkaribisha hadi nikachoka, amekataa kabisa kuingia."

Cephas aliinuka akishika ukuta. Langoni palikuwa na mtu amesimama, amewapa mgongo, anatazama ziwa.

Irine akainama sikioni mwake, akicheka. "Na Mkuria gani huyu, Jaduong'? Dholuo anaongea kutushinda! Amenituma nikuulize kama yago lake liliota."